Hita Inapopuliza Baridi: Somo Nililolipata Chini ya Boneti

Kama kwenu ni Tanga, Lindi au Dar es Salaam, huenda hujawahi kuigusa ile swichi ya kwenye gari yenye rangi mbili, bluu upande mmoja na nyekundu upande wa pili. Ukiipeleka kwenye nyekundu unapewa joto ambalo hukuliomba. Kwetu Njombe mambo ni tofauti. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane ukitoka nje alfajiri unaiona pumzi yako kwa macho. Kule Makete, kwenye uwanda wa Kitulo, kuna asubuhi nyasi zinaamka zimeshika barafu. Watu wa huku hita ya gari hawaiiti anasa. Ndiyo inayokausha kioo ili dereva aone barabara.

Mimi nasoma ualimu, Fizikia na Hisabati, nina miaka 22, sina gari wala leseni. Ninachotaka kukuelezea hapa nilikiona mwenyewe likizo iliyopita, na kiukweli kimenifundisha mambo mawili kwa pamoja: namna ya kutafuta ugonjwa wa hita, na namna ya kutafuta ugonjwa wa kitu chochote kabla hujaanza kumwaga pesa.

Alfajiri ya Makambako

Ilikuwa katikati ya mwezi wa nane. TP ilikuwa imeisha, nimerudi nyumbani, na baridi ilikuwa bado haijaondoka. Ba'mdogo wangu ana gari dogo la kukodi. Alfajiri anachukua abiria mjini Njombe anawapeleka Makambako kuwahi mabasi ya njia kuu. Gari hilo alilinunua kwa mtu Dar es Salaam mwaka mmoja nyuma, na tangu alilete hita yake ilikuwa inapuliza upepo wa baridi, au ikijitahidi sana, upepo wa uvuguvugu. Yeye aliona ni jambo dogo. Alikuwa anavaa makoti mawili.

Siku hiyo niliomba lifti. Nyuma walikaa abiria watatu, mmoja ni mama mwenye mtoto mchanga aliyefungwa kwenye blanketi. Watu watano na mtoto ndani ya gari lililofungwa vioo, kila mtu anapumua. Baada ya dakika kumi kioo cha mbele kikawa cheupe. Ba'mdogo alishika usukani kwa mkono mmoja, mkono wa pili anafuta kioo kwa kitambaa. Anafuta, kinarudi. Anafuta, kinarudi.

Yule mtu wa baiskeli hatukumwona. Alikuwa anaisukuma pembeni ya lami, amepakia magunia ya mkaa, hana taa. Ba'mdogo alikanyaga breki kwa nguvu zote na gari likasimama. Nilipofuta kioo kwa kiganja nikaona gunia liko karibu kiasi kwamba ningeweza kuligusa kama nisingekuwa ndani. Hakuna aliyesema kitu. Mtoto ndiye alianza kulia.

Tuliporudi mjini, ba'mdogo alikwenda gereji moja. Fundi wa pale aliwasha gari, akaweka mkono kwenye tundu la hewa, akasema papo hapo: "Hita imekufa. Tunafungua dashibodi yote, tunaweka nyingine. Laki tatu na themanini." Hakugusa kitu kingine. Nyumbani pesa ya namna hiyo ilikuwepo moja tu, ndani ya bahasha: ada yangu ya kuanzia mwaka. Bila kulipa hiyo, sisajiliwi.

Nilitegemea ba'mdogo atasema hapana. Akasema, "Mwanangu, ada tutaitafuta. Nikigonga mtu, hapatakuwa na ada wala gari." Na alikuwa sahihi. Nikamwomba kitu kimoja tu: "Baba, nipe siku moja tuulize kwa mtu mwingine."

Mzee wa maswali

Nyuma ya soko kuna fundi mzee anayefanya kazi chini ya miti ya mikaratusi. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba, mwalimu." Kumbe habari za mimi kusoma ualimu zilishamfikia. Ba'mdogo akaanza kumwambia kwamba hita imekufa. Mzee akamkatisha kwa upole: "Nani kaipima?"

Kisha akaanza kuuliza. Feni inapuliza? Inapuliza spidi zote au moja? Inapuliza baridi muda wote au gari likipanda mlima inapata joto kidogo? Unaongeza maji kila baada ya muda gani? Unaweka maji ya nini? Geji ya joto inasimama wapi?

Swali la mwisho ba'mdogo alilijibu kwa kujivunia: "Geji haipandi kabisa. Gari yangu haijawahi kuchemsha. Mshale umelala chini muda wote."

Mzee akatabasamu. "Hiyo siyo sifa," akasema. "Hayo ni malalamiko."

Hita ni nini hasa

Kabla sijakupeleka kwenye vipimo, tuelewane kwanza kitu hiki kinavyofanya kazi, maana wengi tunadhani hita ya gari ni kama ile koili ya umeme ya kuchemshia maji hosteli. Sivyo. Kwenye magari mengi ya kawaida ya petroli na dizeli, hita haitengenezi joto lolote. Inaazima joto la injini.

Injini inapochoma mafuta, sehemu ndogo tu ya nishati ndiyo inayosukuma gari. Kwa makadirio ya kawaida ya injini ya petroli, karibu theluthi moja inatoka na moshi, karibu theluthi nyingine inachukuliwa na maji ya kupoozea, na inayobaki ndiyo inafanya kazi. Hiyo theluthi inayoingia kwenye maji lazima itolewe nje, la sivyo injini itajiunguza. Pampu inayazungusha maji hayo mpaka kwenye rejeta mbele ya gari, upepo unayapoza, yanarudi.

Sasa, kabla maji hayajamaliza mzunguko, mipira miwili midogo inayachepusha na kuyapitisha kwenye rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Hiyo ndiyo hita. Feni inapuliza hewa juu yake, hewa inapata moto, inakuja kwako. Ile swichi ya bluu na nyekundu kwenye magari mengi inasogeza kilango cha ndani kinachoamua hewa ipite kwenye hita au iikwepe. Magari mengine yana koki inayofunga na kufungua maji yenyewe.

Kuna mlinzi mmoja wa mzunguko huo anaitwa thamostati. Ni kifaa kidogo kinachoenea kiganjani, ndani yake kuna nta. Injini ikiwa ya baridi, thamostati imefunga njia ya kwenda rejeta kubwa, ili maji yazunguke kwenye injini na hita tu na yapate moto haraka. Yakifika joto lililokusudiwa, mara nyingi kati ya nyuzi 82 na 88 za Selsiasi, nta inayeyuka, inatanuka, inasukuma mlango, maji yanakwenda kupoozwa. Ni ile ile mada yetu ya vitu kutanuka kwa joto, ila hapa imefungiwa ndani ya chuma na inafanya kazi kila siku bila kupewa maksi.

Ukishaelewa hivyo, utaona kwamba hita ikipuliza baridi, tatizo linaweza kuwa kwenye moja ya sehemu tatu. Ama hewa haiji, ama maji ya moto hayafiki, ama maji yanafika lakini hewa haipitishwi juu yake. Kazi yote ya kutafuta ugonjwa ni kujua ni ipi kati ya hizo tatu.

Maswali matano, kwa mpangilio

Huu ndio utaratibu wa mzee, nimeuandika kwa maneno yangu. Mpangilio wake una maana: unaanza na kisichogharimu kitu.

Swali la kwanza: hewa inatoka? Washa feni, peleka spidi zote. Kama hewa haitoki kabisa, usihangaike na maji. Angalia fyuzi kwanza, halafu nyaya za feni na feni yenyewe. Kama inapuliza spidi ya juu kabisa tu, na zile za chini zimekufa, mara nyingi iliyoungua ni rezista ya feni, kidude cha bei ndogo. Kama inapuliza kwa unyonge spidi zote, angalia chujio la hewa ya ndani, maana vumbi na majani vinaweza kuliziba kabisa.

Swali la pili: geji inasemaje? Endesha gari dakika kumi na tano hivi. Mshale unatakiwa kupanda mpaka karibu na katikati na kutulia hapo. Ukibaki chini, hasa ukishuka zaidi unapokimbia kwenye barabara tambarare yenye upepo, shuku thamostati: imekwama ikiwa wazi, au haipo. Ukipanda kuelekea nyekundu huku hita inapuliza baridi, simama mara moja na zima injini. Hapo huenda maji yamekwisha au hayazunguki, na kila dakika unayoendelea unaiua injini. Na angalizo: maji yakipungua sana, kipimo cha geji kinaweza kubaki kinaning'inia hewani na kukudanganya kwamba kila kitu ni shwari.

Swali la tatu: maji yapo, na ni maji gani? Hili linaulizwa injini ikiwa ya baridi kabisa, yaani gari limelala. Fungua mfuniko wa rejeta, tazama. Maji yanatakiwa kujaa. Yakiwa yamepungua, usiishie kuongeza tu. Uliza yamekwenda wapi. Hita kwenye magari mengi imekaa juu kwenye mzunguko, hivyo maji yakipungua yenyewe ndiyo ya kwanza kukosa, hewa inakaa mahali pake. Ndiyo maana hita ni mjumbe. Inakwambia maji yamepungua kabla injini haijaanza kuchemsha. Sauti ya maji yanayobubujika nyuma ya dashibodi nayo inasema hivyo hivyo.

Swali la nne: mipira ya hita ina joto gani? Injini ikishapata moto, hita ikiwa kwenye nyekundu, zima gari kisha igusie kidole kwa haraka ile mipira miwili inayoingia kwenye ukuta kati ya injini na dashibodi. Funga kitambaa mkononi, inaweza kuunguza. Yote miwili ikiwa ya moto, maji yanafika. Tatizo liko kwenye kilango cha hewa au waya wake. Mmoja wa moto na mwingine wa baridi, maji yanaingia hayatoki. Hita imeziba, au koki imefunga. Yote miwili ikiwa ya uvuguvugu, joto halijafika kabisa. Rudi kwenye thamostati, maji, hewa iliyonasa, au pampu.

Swali la tano: kilango kinasogea? Zima feni, tega sikio, peleka swichi kutoka bluu hadi nyekundu. Magari ya zamani yana waya unaovutwa. Unaweza kuwa umechomoka tu. Mengine yana mota ndogo. Ikilia ta-ta-ta bila kusogeza kitu, meno yake yamekatika.

Maswali matano tu, wala hujafungua dashibodi. Yule fundi wa laki tatu na themanini hakuuliza hata moja.

Tulichokikuta

Gari lilikuwa limepoa tulipokuwa tunaongea. Mzee akafungua mfuniko wa rejeta. Maji hayakuonekana. Akaingiza kijiti, kikatoka na tope la rangi ya chungwa, kutu tupu. Ba'mdogo alikuwa anaweka maji ya bomba, na kabla yake mwenye gari wa Dar naye alikuwa anaweka maji ya bomba. Mara moja kwa wiki anaongeza nusu lita na kuona ni kawaida, "gari inakunywa."

Mzee akapapasa mipira mmoja mmoja. Chini ya ule mpira mkubwa wa rejeta kulikuwa na alama nyeupe kama chumvi. Klipu ilikuwa imelegea. Maji yalikuwa yanavuja tone kwa tone wakati gari likiwa la moto, yanakaukia pale pale, ndiyo maana hakuna aliyeona unyevu chini.

Kisha akafungua nyumba ya thamostati. Nilishika tochi. Ndani hamkuwa na kitu. Nyumba tupu.

Ba'mdogo alishangaa, mzee hakushangaa. Alituambia hilo ni jambo la kawaida sana kwa magari yanayotoka pwani. Thamostati ikikwama imefunga, gari linachemsha. Fundi mwenye haraka anaitoa na kuitupa, gari linaacha kuchemsha, mteja anafurahi. "Huku kwetu nchi ya joto, haina kazi," wanasema. Ukiwa Dar es Salaam na jua la mchana unaweza kukaa miaka bila kujua umepungukiwa nini. Ulete gari hilo Njombe alfajiri: maji yanapita kwenye rejeta kubwa muda wote, upepo wa baridi unayapoza muda wote, injini haipati joto lake, hita haina cha kuazima. Na hasara haiishii kwenye hita. Injini inayofanya kazi ikiwa ya baridi inakunywa mafuta zaidi, na vyuma vyake vinasagika haraka zaidi. Ule mshale uliolala chini, ambao ba'mdogo alikuwa anajivunia, ulikuwa unamla mfukoni kila siku.

Tukanunua thamostati. Kabla ya kuifunga, mzee akaitumbukiza kwenye sufuria ya maji jikoni kwa mama lishe wa jirani. Maji yalipokaribia kuchemka ikafunguka polepole mbele ya macho yetu, kama jicho. Nikasema moyoni, kumbe mada hii nilikuwa naifundisha kwa kuchora ubaoni!

Halafu akatoa maji yote machafu, akachomoa ile mipira miwili ya hita na kupitisha maji safi kwa nguvu ndogo kinyume na mwelekeo wa kawaida. Lilitoka tope la kunyamazisha watu. Akarudia mpaka maji yakatoka meupe. Alisisitiza nguvu iwe ndogo, kwa sababu hita ya zamani ukiipiga kwa presha inatoboka, na hapo ndipo utalazimika kweli kufungua dashibodi.

Mwisho akajaza kulanti. Hapa naomba nieleze kidogo, maana wengi tunaona kulanti ni maji ya rangi ya kuuzia watu. Kulanti ina dawa ya kuzuia kutu, inazuia maji kuganda, na inapandisha kiwango cha kuchemka. Kwenye nyanda za juu hilo la mwisho lina uzito. Maji ya kawaida pwani yanachemka nyuzi 100. Njombe, kwa sababu ya mwinuko, yanachemka karibu nyuzi 93. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya injini ni presha inayoshikiliwa na mfuniko wa rejeta. Mfuniko ukichakaa na ndani una maji matupu, gari la Njombe linachemka mapema kuliko lile lile likiwa Dar. Kwa hiyo mfuniko si kizibo tu, nao ni spea.

Kutoa hewa iliyonasa, alipaki gari pua ikitazama kilima, mfuniko wazi, hita kwenye nyekundu, akawasha injini ikiwa bado ya baridi. Mapovu yakawa yanatoka, yeye anaongeza. Thamostati ilipofunguka kimo kikashuka, akajaza tena, akafunga. Alisema kama mapovu yasingekoma kabisa, au bomba la moshi lingetoa moshi mweupe mzito, au mafuta ya injini yangekuwa na rangi ya chai ya maziwa, basi gasketi ya silinda hedi ingekuwa imeungua, na hiyo ni habari nyingine ya pesa nyingine.

Hesabu ilikuja hivi: thamostati 35,000, kulanti 40,000, klipu 3,000, ufundi 25,000. Jumla shilingi 103,000. Bahasha ilipungua lakini haikuisha, na kilichopungua ba'mdogo alikirudisha kwa safari za wiki tatu. Nimesajiliwa, ndiyo maana unasoma makala hii.

Hita haikuwa kama mpya, nisikudanganye. Rejeta ile ndogo bado ina uchafu wa zamani. Lakini alfajiri iliyofuata, kabla hatujafika mbali, upepo wa joto ukaanza kuja miguuni, halafu kwenye kioo. Ukungu ukaondoka kuanzia chini kwenda juu kama mtu anavuta pazia. Mshale wa geji ulisimama katikati. Ba'mdogo aliutazama mara nyingi kuliko alivyotazama barabara, mpaka nikamkumbusha.

Mambo ya kutofanya

Usifungue mfuniko wa rejeta gari likiwa la moto, hata kama una kitambaa. Maji ya mle ndani yako chini ya presha na yana joto kupita la kuchemka. Ukifungua yanalipuka kuwa mvuke usoni kwako. Subiri mpaka uweze kuugusa mpira wa juu bila kuungua.

Usiache kulanti kwenye beseni uani. Nyingi zimetengenezwa kwa kemikali yenye utamu kidogo na ni sumu kwa mtoto, mbwa na mbuzi. Ndani ya gari, ukisikia harufu tamu, kioo kinashika utando wa mafutamafuta, na zulia la mbele limelowa, hita inavuja. Usiendelee kuivuta hewa hiyo.

Usipashe joto gari au chumba kwa jiko la mkaa vioo na madirisha vikiwa vimefungwa, na usiache injini inaunguruma ndani ya banda lililofungwa. Ile hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi. Wenzangu mnaopanga vyumba sehemu za baridi, hili linawahusu moja kwa moja.

Na kama kioo kina ukungu na hita bado mbovu, fungua vioo vya pembeni kidogo, ruhusu hewa ya nje iingie badala ya kuzungusha ya ndani, washa kiyoyozi kama kipo kwa sababu kinakausha unyevu, na kama bado huoni, paki. Abiria atachelewa basi, lakini atakuwa mzima.

Kuna kinyume chake pia. Gari likianza kupanda joto kwenye mlima kama Kitonga na huna pa kusimama salama papo hapo, zima kiyoyozi, fungua vioo, weka hita nyekundu na feni juu kabisa. Utatoka jasho, lakini ile rejeta ndogo inasaidia kutoa joto la injini mpaka upate sehemu ya kupaki.

Nilichokirudisha darasani

Kwenye TP nilikuwa na mwanafunzi wa kidato cha pili ambaye kila hesabu ya msongamano alikuwa anakosa. Nilimwambia arudie kanuni. Akairudia, akakosa. Nikampa mazoezi kumi, akakosa kumi. Kwenye ripoti nikaandika kwamba hana juhudi. Wiki ya mwisho, kwa bahati tu, nilimwona anashindwa kugawanya namba kwa desimali. Kanuni alikuwa anaijua tangu siku ya kwanza. Tatizo lilikuwa nyuma kabisa ya pale nilipokuwa napiga nyundo, na muda wangu ulikuwa umekwisha.

Nilipokuwa nimeshika tochi nyuma ya soko nikamkumbuka yule kijana. Mimi ndiye niliyekuwa fundi wa laki tatu na themanini. Niliweka mkono kwenye tundu la hewa, nikasema hita imekufa. Sikuuliza maji yapo, sikugusa mipira, na mshale uliolala chini nikausoma kuwa ni uvivu.

Sitaki kuipamba zaidi ya hapo. Ila muhula huu, kabla sijamwekea mtu alama ya kosa, najilazimisha kuuliza angalau maswali matatu kwa mpangilio, nikianza na lile lisilogharimu kitu.

Likizo hii ukifika nyumbani, kama kuna gari, liwe la mjomba, la shangazi au la jirani, amka nalo asubuhi likiwa la baridi. Omba ruhusa, fungua mfuniko wa rejeta, tazama maji yana rangi gani. Uliza kama thamostati ipo. Kisha washeni, mtazame mshale unasimama wapi. Ukisikia mtu anajisifu kwamba geji yake haijawahi kupanda, mwambie kwa heshima akaicheki, kabla hajakutana alfajiri na baiskeli ya mkaa.